Mama Taa, Aliyempelekea Bosi Ruta Nyumbani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, ikifika saa kumi na moja jioni, Mama Taa atavua hedifoni na kuliaga dawati la malalamiko baada ya miaka ishirini na sita ya kutukanwa na watu asiowajua. Anastaafu akiwa na afya njema, sauti nzima, na sikio la kushoto ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, ni mali ya kampuni na analiacha hapa hapa.

Ameniomba niandike kwamba alikuwa mpole. Nimekaa meza ya jirani naye miaka mingi, na sitaki kuongopa kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni.

Alianza enzi za simu za mezani, wateja walipolalamika kwamba simu haina mlio. Mtandao wa majumbani ulipoingia, akahamishiwa huko kwa sababu ndiye peke yake aliyeweza kufokewa huku anamenya chungwa. Jina alilipata kwa swali lake la kwanza kwa kila mteja: "Taa ya ruta ina rangi gani?" Aliliuliza kwa sauti ya daktari anayekuuliza unaumwa wapi huku ameshajua huponi. Siku moja msibani, mwombolezaji mmoja aliitambua sauti hiyo, akamvuta pembeni, akaanza kumweleza habari za ruta yake, marehemu akiwa bado hajatolewa ndani.

Sasa tuseme ukweli kuhusu ruta zile, visanduku vyeupe vya mtandao tulivyomgawia kila aliyejiunga nasi. Zilipendeza juu ya kabati, hilo halina ubishi. Mtandao wake ndio uliokuja na kuondoka kama mgeni asiye na hakika kama amealikwa. Sisi tuliagizwa kumwambia mteja kwamba kuta zake ni nene, au majirani zake ni wengi, kisha tufunge lalamiko tuhesabu tumelitatua. Hakuna aliyeyafunga malalamiko kama Mama Taa. Alipewa cheti cha mfanyakazi bora, akapewa na kingine.

Kwa kuwa ni mwenzetu, na yeye alipewa ruta ya nyumbani, bure. Ndipo akajikuta ana mawifi wawili chini ya paa moja: dada wa mumewe, na huo mtandao. Wote wawili, alisema, unawaona kabisa wamekaa sebuleni, ila ukiwahitaji hawapatikani. Mtandao ulishika sehemu moja tu ya nyumba, kwenye ushoroba, mbele ya mlango wa choo. Familia ikaweka kigoda hapo. Aliyetaka kuonana na ndugu wa mbali alikaa kigodani, na kila aliyetoka chooni ilimbidi awaamkie hao ndugu.

Wifi, yule wa damu na nyama, alichoka. Akapiga simu ya malalamiko, na kwa bahati ikaangukia kwa Mama Taa mwenyewe. Simu zetu hurekodiwa, kwa hiyo nanukuu bila kutia chumvi.

"Mteja wetu mpendwa, taa ya ruta yako ina rangi gani?"

"Wee! Si umeipita asubuhi ukienda kazini?"

"Tafadhali izime, usubiri kidogo, kisha uiwashe."

"Wifi, nikiizima nitakuja kuiwashia kichwani kwako."

"Asante kwa kutupigia. Kuna lingine nikusaidie?"

"Lipo. Rudi na vitunguu."

Tulicheka mwezi mzima. Kicheko kilikoma binti wa Mama Taa alipoitwa kwenye usaili.

Binti huyo ni mfasiri wa nyaraka. Alikuwa ametafuta kazi mpaka viatu vimekwisha soli, na hatimaye kampuni moja ya mbali ikakubali kumsaili kwa video. Nyumba nzima ikajipanga. Baba alipelekwa kwa jirani pamoja na kikohozi chake. Wifi akatangaza kwamba choo kimefungwa mpaka amri nyingine. Binti akakaa kigodani amevaa blauzi yake nzuri, akajibu vizuri, wasaili wakatabasamu. Walipomwuliza kwa nini wamchukue yeye na si mwingine, akafungua kinywa, taa ikawa nyekundu. Mtandao uliporudi, wenyewe walikuwa wameshaondoka. Walidhani swali limemuudhi akawakatia. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Mama Taa aliporudi jioni alimkuta bado amekaa pale pale.

"Mama," binti akauliza, "na sisi kuta zetu ni nene?"

Ametuambia kwamba katika matusi yote aliyowahi kumeza, na mengine yaligusa mpaka waliomzaa, hakuna lililomchoma kama swali hilo. Aliinama akachomoa waya.

Kesho yake alikuja kazini na ruta kwenye mfuko wa plastiki, waya unaburuta nyuma kama mkia. Akaipita meza yake, akaingia kwa meneja wetu wa wakati huo bila kubisha hodi, akaitua juu ya chai ya mtu.

"Bosi, kaa nayo nyumbani wiki moja. Ule mtandao maalumu mnaowekewa wakubwa uzime."

Meneja, mtu wa fahari, akasema hana wasiwasi, ruta zetu ni bora, tatizo ni wateja kutojua matumizi.

"Vizuri. Ukirudi utatufundisha."

Wiki haikuisha. Mwanamke mmoja alipiga simu anatweta kwa hasira. Mama Taa alipoiona namba, akatuashiria tunyamaze, akafungua spika. Akauliza swali lake.

"Nyekundu! Halafu mume wangu ananiambia kuta ni nene. Nimeishi naye humu tangu tuoane. Zimenenepa lini?"

Hapo mlangoni, kikombe mkononi, alisimama mume mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akageuka, akarudi ofisini kwake taratibu.

Baada ya hapo ruta nyeupe zilianza kukusanywa, mtaa kwa mtaa. Mama Taa alipewa onyo kwa kuingia bila hodi, akalikubali. Akapewa pia kazi ya kuandika upya maneno tunayowaambia wateja. Sentensi yake ya kwanza ndiyo tunayoitumia hadi leo: "Pole sana, huenda kosa ni letu." Mteja wa kwanza kuisikia alikata simu, akidhani amekosea namba.

Ningependa kuandika kwamba binti aliitwa tena. Hakuitwa. Alihangaika karibu mwaka mwingine kabla ya kupata kazi ya kufasiri nyaraka za hospitali, na nasikia madaktari wanamwogopa. Damu ya mama yake hiyo.

Dada yetu, asante kwa kutufundisha kwamba kumwomba mtu radhi hakuvunji mfupa. Tunakuombea uzee mtamu, usingizi wa mchana usioamshwa na mtu, na magoti yasiyolalamika. Meneja wa sasa ametangaza kwamba kiti chako kiko wazi. Mpaka naandika haya, hakuna aliyethubutu kukikalia hata kwa kujaribu.