Umri wa Ng'ombe

Ndani ya basi, fundi saa alikaa nyuma ya abiria wawili wasiojuana: mwanaprogramu aliyepakata kompyuta, na mama mwenye viatu vyeupe vya wauguzi.

"Mama, kosa si langu," alisema mwanaprogramu. "Natengeneza programu ya kusajili wagonjwa. Nikiandika 'umri', hii programu ya kuandikia inakimbia yenyewe kuchota kanuni ya kuupima. Kanuni ziko mbili, ya wagonjwa na ya ng'ombe, maana kazi hii tuliianza kwa daktari wa mifugo. Inaleta ya ng'ombe."

"Kumbe una tarishi asiyetumwa! Ifute, mwanangu."

"Naifuta. Nikihifadhi, inarudi." Akafuta, akahifadhi, ikarudi.

Fundi saa aliamini kwamba mashine haina ukaidi, ina sababu tu. Hata hivyo alijikuta ameinama mbele.

"Hebu nijaribu mimi. Hamsini na mbili."

Mwanaprogramu alibonyeza, akasita. "Inasema ulipaswa kuchinjwa zamani."

Mama alicheka hadi akafuta machozi. "Na leo unaipeleka wapi?"

"Hospitali ya hapo mbele. Mkurugenzi ataijaribu kwa umri wake mwenyewe, wafanyakazi wote wakitazama. Ikiharibika, sina kazi."

"Mkurugenzi wetu?" Mama aliacha kucheka. "Yule ana sitini na moja."

Basi lilisimama langoni pa hospitali. Mwanaprogramu alifuta ule mstari kwa mara ya mwisho, akashuka bila kuhifadhi, usije ukarudi. Mama alimpita mbiombio, asikose kiti cha mbele kwenye jaribio. Fundi saa alikuwa amebakiza vituo viwili, lakini naye alishuka.