Nywila Moja kwa Mabasi Yote

"Unajua, mwanangu, mlango wa basi hili mtu anaweza kuufungua kwa simu?" mama mmoja alimwambia kijana aliyekaa kando yake. Hakujua kwamba huyo ndiye fundi aliyefunga vifaa vya intaneti vinavyoendesha milango katika mabasi yote ya kampuni hiyo. Fundi akapandisha zipu ya koti hadi kidevuni, fulana ya kazi yenye jina la kampuni isionekane, ingawa joto lilikuwa la kuivisha mayai.

"Wameweka nywila moja kwa mabasi yote," mama akaendelea. "Mhuni mmoja kaijua, kafungua mlango gari likiwa mwendoni. Dada yangu alikuwa kauegemea. Sasa anatembelea magongo."

"Pole, mama. Labda fundi alikuwa na kazi nyingi."

"Kazi gani hiyo? Kwani ufunguo wa nyumba yake ndio huohuo wa mtaa mzima?"

Fundi akatazama viatu vyake kana kwamba ni vipya.

"Vua koti, baba, utaiva."

"Nina homa, mama." Homa yenyewe ilikuwa na umri wa kituo kimoja.

Basi likasimama. Mama akainuka, akamnyooshea mkono. "Nishike nishuke, mwanangu. Mlango huu siuamini."

Fundi akamshika.