Wingu Nililoliona Bangwe

Sogeeni, Thobias, nawe Diana, zimeni hiyo redio, kaeni ninapoweza kuwasikia mkipumua, kwa maana nguvu zangu ni chache na Kwaresima hii sitaifikisha Pasaka. Nyumba hii msiiuze. Michikichi ya baba yenu mgawane sawa. Lakini vichanja vyangu vya kuanikia dagaa, vile vya karibu na maji, ni vya jirani yetu Yunisi. Usigune, Thobias. Chuki uliyonayo kwa mama yule niliipanda mimi, kwa kumsema vibaya mbele yenu.

Mnajua desturi ya mwalo wetu hapa Bangwe: atakayeliona kwanza wingu likivuka ziwa kutoka milima ya Kongo hufunika dagaa wa jirani asiyekuwepo kabla ya kugusa wake. Ijumaa moja ya Kwaresima, mlipokuwa wadogo, Yunisi alikwenda Njia ya Msalaba akiniachia vichanja vyake, nami nikabaki nikitafuna wivu siku ya kufunga. Tulianza kazi siku moja, lakini wachuuzi walikwenda kwake kwanza. Kanisani aliyeongoza nyimbo ni yeye. Hata ninyi, mkianguka, mlikimbilia kanga yake. Wingu nililiona, wanangu. Nililiona lingali jembamba kama mshipi. Nikafunika dagaa wangu, nikaketi mlangoni, nikatazama mvua ikiwapiga wake mpaka wakawa uji. Muhula ule Happiness, binti yake, hakurudi shule.

"Dada Regina," Yunisi aliniuliza akiwa amelowa chapa, "hukuliona wingu?"

"Macho yangu, mdogo wangu. Siku hizi yana ukungu."

Akaamini. Tangu Jumapili iliyofuata akawa ananishika mkono kwenda kanisani, akinitania njiani, "Haya bibi harusi, inua mguu, kuna jiwe," nami niliyeliona jiwe nikainua mguu, nikimwonea wivu hata kwa huo wema wake. Miaka mingi baadaye mtoto wa jicho alikuja kweli. Sisemi Mungu alinipiga. Nasema nilikuwa kipofu nikiwa na macho mazima.

Jumapili iliyopita katekista Selestini alinisomea hapa kitandani habari ya yule aliyezaliwa kipofu, aliyepakwa tope akatumwa kunawa, na wale waliojigamba kwamba wanaona, dhambi yao ikabaki nao. Nikajijua. Nimepakwa majivu tangu nikiwa binti, na moyo wangu haujawahi kunawa. Na hata sasa, nikisikia sauti ya Yunisi ikivuka ukuta, wivu unanichoma. Siwadanganyi kwamba umekufa. Nataka ufe kabla yangu.

Leo ni Ijumaa, yuko kanisani. Akitoka, mwiteni, nimwambie kwa kinywa changu. Akikataa kunisamehe, msimlaumu. Akikubali, nikifa, yeye ndiye aniogeshe. Nanyi mwamkieni kama mnavyoniamkia mimi, na Happiness mwiteni dada. Mungu aliyemfumbua kipofu awafumbue macho mngali na nguvu, awape furaha ya kuona cha mwenzenu kikistawi, awalinde na... na huu ugonjwa wangu. Amina. Diana, maji, mwanangu.

Hiyo... hiyo ni mvua juu ya bati? Dagaa wako nje, wetu na wake? Acha maji, Diana. Kimbieni. Wangu waacheni... Wa Yunisi kwanza.