Kubwekea Mti Mtupu

Nje ya duka la chakula cha mifugo, pale barabara ya milima ya Kentucky inapopinda kufuata kijito, pana benchi lililofukuzwa kanisani baada ya mguu mmoja kuoza. Kila asubuhi linakaliwa na mabingwa wa mambo ya mbwa. Kushoto hukaa Jaji, aliyepewa jina hilo kwa kuamua shindano moja la mbwa na kuondoka amepakwa mayai viza. Kulia hukaa Pua, anayedai ananusa nyayo za rakuni, yule mnyama wa usiku anayekimbilia mitini, kuliko mbwa yeyote. Jumamosi hiyo ya Oktoba, katikati yao alikuwa amebanwa Verlin, miaka hamsini na minane, ambaye ujana wake wote uliishia zamu ya usiku kiwandani. Hajawahi kufuga hata mbwa mmoja wa kuwinda, na sasa anamtaka kwa udi na uvumba. Baba yake, mzee Hobart, amelala mgonjwa nyumbani karibu na dirisha, mapafu yameliwa na vumbi la makaa ya mawe. Ameomba kitu kimoja tu: asikie tena mbwa akimpandisha rakuni mtini kule mlimani nyuma ya nyumba, abweke chini ya ule mti mpaka milima iitikie. Hii ilikuwa wiki ya tatu Verlin anauliza swali lile lile.

— Jamani, leo niambieni. Nichukue kitoto cha mbwa gani?

— Mweusi mwenye nyusi za kahawia, alisema Jaji. Bila nyusi hapo huna mbwa, una paka mkubwa.

— Nyusi zinafanya kazi gani, bwana wee? aliuliza Pua.

— Rakuni akichungulia kutoka juu anaona macho manne. Anazirai.

— Kahawa imekulevya! Verlin, chukua wa madoa ya buluu. Huyo ananusa nyayo za juzi.

— Za juzi! Rakuni si keshahamia kaunti nyingine?

— Ndiyo utamu wake. Mwenda pole hajikwai.

Verlin alikohoa kidogo.

— Baba anataka sauti.

— Sauti iko masikioni, alisema Jaji. Vuta masikio ya kitoto mpaka yakutane mbele ya pua. Yakipishana, hiyo sauti itavuka vilima vitatu.

— Muongo huyo! Sauti hufundishwa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wangu nilimpigia fidla tangu hajafungua macho. Alipokua alibweka besi tupu, mpaka rakuni wakawa wanashuka mtini kumsikiliza.

— Wanashuka? Sasa huyo alikuwa anampandisha nani?

Pua alimeza kahawa kwanza.

— Angalau wangu hakuwa muongo. Hakuwahi kubwekea mti mtupu, usio na rakuni.

— Atabwekea vipi na alikuwa bubu? Mji mzima unajua!

Verlin alicheka, kisha akajichukia kwa kucheka. Nyumbani kulikuwa na mtu anahesabu pumzi, na yeye yuko hapa anajadili nyusi.

Ndipo gari la Bi Opal likaegeshwa. Mjane huyu alikuja kununua mahindi ya kuku. Nyuma alikaa Ruthie, mbwa wake mwekundu wa kuwinda, mdomo umejaa mvi. Bi Opal alisimama akawasikiliza kidogo, mikono kiunoni.

— Kitoto cha mbwa kinataka miaka miwili mpaka kiijue kazi, alisema. Mzee Hobart anayo?

Pua, ambaye hukosa kila kitu isipokuwa jibu, alijikuna shingo. Wiki tatu, na hakuna aliyefikiria kuuliza hilo. Verlin alilijua jibu, muuguzi alikwisha kumwambia; akatikisa kichwa.

— Basi mchukue Ruthie, alisema Bi Opal. Simuuzi, namwazima mzee. Miaka tisa sasa anapanda mlima ule.

— Sauti yake ikoje? aliuliza Verlin.

— Inakwaruza.

— Na ya baba pia.

— Wataelewana.

Ruthie alishuka taratibu. Alinusa buti za Jaji, akanusa buti za Pua, akaweka miguu ya mbele juu ya benchi na kuwatazama mabingwa usoni, mmoja baada ya mwingine, kwa makini kabisa. Kisha akashuka, kimya.

— Unaona? alidakia Pua. Hata kubweka hajui!

— Anajua, alisema Bi Opal. Ila huyu habwekei mti mtupu.

Verlin aliinuka kumfungulia Ruthie mlango wa gari lake. Kumbe ni mguu wake uliokuwa umelishikilia benchi kwa chini lisianguke. Liliinama upande wa mguu mbovu, mabingwa wakatua chini, na kahawa yote ikamwagika.