Kitu cha Lazima

MWENYE DUKA: Haloo? Duka la vifaa vya mbio hapa. Nani mwenzangu?

MAMA MKWE: Mwenzako? Tangu lini?

MWENYE DUKA: [kiti kinaanguka] Shikamoo, Mama. Samahani, sikuitazama namba.

MAMA MKWE: Marahaba, baba. Hamjambo huko? Mwanangu yuko karibu?

MWENYE DUKA: Hatujambo. Yuko zamu wodini, na simu kaisahau nyumbani. Mpaka kesho jioni.

MAMA MKWE: Kesho jioni. Na mbio zetu za akina mama ni kesho asubuhi.

MWENYE DUKA: Vile viatu ulivyonunua kwangu vimekubana?

MAMA MKWE: Viatu havina neno, nikivivaa najiona msichana. Kuna kitu kingine kimenipungukia. Cha lazima.

MWENYE DUKA: Soksi.

MAMA MKWE: Ninazo.

MWENYE DUKA: Basi saa. Kuna moja inahesabu mapigo ya moyo—

MAMA MKWE: Moyo wangu naujua. Hayo mapambo, baba. Nasema kitu ambacho mwanamke... [mtandao unakwaruza] ...hasa mwenye umbo langu...

MWENYE DUKA: Sikusikii, Mama.

MAMA MKWE: Unanisikia vizuri sana.

MWENYE DUKA: Kuna kimkoba cha kufunga kiunoni, unatia funguo—

MAMA MKWE: Panda juu kidogo.

MWENYE DUKA: Miwani ya jua?

MAMA MKWE: Umepitiliza.

MWENYE DUKA: Mama, nina wateja hapa.

MAMA MKWE: Jana mazoezini nilijifunga mtandio kifuani, nikaukaza mpaka pumzi ikagoma. Kufika pale kwa kinyozi, huo, umeshuka kiunoni. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao. Nimerudi nyumbani naumia mpaka mabegani.

MWENYE DUKA: Pole, Mama.

MAMA MKWE: Basi, acha tu. Kesho siendi. Nitawaambia mguu unauma.

MWENYE DUKA: Mama, usi—

MAMA MKWE: Siendi. Tangu baba yenu afariki, mazoezi ya hizo mbio ndiyo yanayonitoa kitandani asubuhi. Lakini nifanyeje? Wewe mkwe wangu, siwezi kukutamkia—

MWENYE DUKA: Sidiria.

MAMA MKWE: Umesemaje?

MWENYE DUKA: Sidiria ya mazoezi, Mama. Kwa mwanamke anayekimbia hiyo ni lazima, kama viatu. Ninazo rafu nzima. Nilitakiwa nikuonyeshe siku ile ulipokuja kununua viatu, nikaona haya.

MAMA MKWE: Na umelitamka hilo mbele ya wateja?

MWENYE DUKA: Wote wamegeuka.

MAMA MKWE: [anacheka] Mwanangu alipokuleta kwetu nilimwambia, huyu mpole mno, siku ukimhitaji hatafungua mdomo. Nayafuta maneno yangu.

MWENYE DUKA: Kesho utakimbia?

MAMA MKWE: Nitakimbia, baba.

MWENYE DUKA: Nikifunga duka naileta. Naiacha mlangoni.

MAMA MKWE: Piga hodi, halafu utoke mbio.

MWENYE DUKA: Nitatoka mbio. Ila, Mama... [anakohoa] ...saizi.

MAMA MKWE: Ya mkeo unaijua?

MWENYE DUKA: Naijua.

MAMA MKWE: Anzia hapo, uongeze.

MWENYE DUKA: Niongeze kiasi gani?

MAMA MKWE: Ongeza mpaka uone aibu. Halafu ongeza moja tena.

MWENYE DUKA: Mama, salio linaniishia—

MAMA MKWE: Nimepiga mimi.

MWENYE DUKA: Linaisha tu, Mama. Kwaheri, Ma—

[simu inakatika]