Herufi Mbili za Bi Nukta

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzetu, familia imeniomba niwasomee maisha ya marehemu kwa sababu nilikaa naye meza moja kazini karibu umri wangu wote wa utu uzima. Nimechoka, nisiwafiche. Wasifu wa namna hii nimewapangia watu chapa tangu ujana wangu, na huwa najua kila aya inaelekea wapi kabla sijaifikia. Huu ndio wa kwanza kuuandika mwenyewe, na aliyepaswa kuukagua ndiye aliyelala hapa mbele yetu. Mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha kusukuma maji, ambako baba yake alikuwa mlinzi wa mitambo. Alikuwa kifungua mimba. Baada yake alizaliwa mdogo wake wa kike, na hapo mama yao akasema inatosha. Jina la Bi Nukta, ambalo wengine mlidhani ndilo lililo kwenye kitambulisho, hakupewa kiwandani. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka juzi niliposahihishwa. Alipewa na huyo mdogo wake. Kila walipogombana, mkubwa alimaliza ugomvi kwa kusema, "Sitaki, nukta," na mdogo, ambaye hakujua nukta ni kitu gani, siku moja akakimbia kwa mama kushtaki kwamba dada amemtukana tusi baya. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo nyumba nzima ikamwita Nukta.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978. Katika ripoti zake waliandika kwamba ana bidii lakini anabishana. Ni kweli, alikuwa anabishana. Aliwahi kumsahihisha mwalimu ubaoni akapewa adhabu ya kufyeka nyasi, na aliporudi darasani, jasho linamtoka, akanyoosha mkono tena, maana lile neno lenye kosa lilikuwa bado halijafutwa.

Mwaka 1980 aliajiriwa kiwanda cha uchapaji kama msoma prufu, yaani yule anayekagua karatasi ya majaribio kabla mashine haijaanza kuchapa. Mimi nilikuwa mpanga chapa, mwenye kuzipanga herufi za ukurasa. Tulichapa vitabu vya shule, kalenda, kadi za harusi na programu za mazishi. Alikuwa na sheria moja ambayo hata meneja aliiogopa: hakuna ukurasa unaokwenda mashineni kabla ya kusomwa na watu wawili. Mmoja anasoma nakala ya mteja kwa sauti, mwingine anafuata prufu kwa kidole, na kila sentensi ikiisha salama anaitikia, "Ipo." Neno gumu linakatwa silabi kwa silabi. Kuna mwaka tuliletewa msichana mgeni akauliza mbona tunasema ipo, si neno lipo, au mstari upo? Bi Nukta akamtazama juu ya miwani, akamwambia, "Ni kazi ndiyo ipo. Kaa chini." Nadhani alilibuni jibu hilo palepale, ila lilitutosha mpaka tulipostaafu.

Sasa tabia zake. Sitasema alikuwa mcheshi na mpenda watu, maana alinikataza. "Watu wote wakifa wanakuwa wacheshi," alisema. "Mimi niache nilivyo." Basi alivyokuwa ni hivi. Alikuwa mkavu. Hakuazimisha penseli. Alifuta meza yake asubuhi, kisha akafuta na yangu huku akilalamika. Ukimwambia umependeza alikagua kwanza kama unataka kitu. Lakini nilipofiwa na mume wangu, wakati watu wanakuja wananipa pole na kuondoka, yeye aliingia, akakaa kitandani akaanza kukunja nguo za wanangu. Akazimaliza, akaenda. Kesho yake akarudi, na nguo zilikuwa zimechafuka tena, akafua. Sijawahi kupewa pole nyingine iliyonifaa kama ile, na sikupata kumwambia, kwa sababu angesema nipunguze maneno.

Starehe yetu ilikuwa moja, na wanetu waliitangaza kuwa ugonjwa. Tukitoka kazini tulizunguka mitaa ya mbali kusaka makosa kwenye mabango. Wengine walikwenda kutazama mpira, sisi tulikwenda kusoma kuta. Kulikuwa na bucha lililoandika "Kaka wa kienyeji wanapatikana hapa," akanisukuma mlangoni, "Wewe mjane, ingia kaulize bei." Kulikuwa na kadi iliyowakaribisha watu kwenye ndoo ya vijana wawili wapendanao, tukaitunza miaka. Tulilolipenda kuliko yote lilikuwa ukutani nyuma ya soko, limeandikwa kwa rangi nyekundu na mtu mwenye hasira: "Usikohoe hapa." Tulijua alichotaka kuandika. Lakini Bi Nukta alisema amri ni amri, na kwa miaka yote ile tulipofika pale tulibana vifua mpaka tuupite ukuta. Akikohoa mmoja, anamnunulia mwenzake chai.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na fundi wa majokofu. Walikutana kwa karatasi. Friji ya mkahawa wa kiwandani ilikuwa imekufa, fundi akaibandikia tangazo, "Friji imeribika." Bi Nukta akapita na penseli, akaongeza herufi zilizokosekana. Kesho yake chini yake kulikuwa na mwandiko wa fundi: "Asante. Na wewe, umeolewa?" Alinionyesha kwa uso uleule wa kazini. Nikamuuliza, sasa? Akasema, "Hakuna kosa hapo," akaichukua ile karatasi akaenda nayo nyumbani. Walijaliwa mtoto wa kiume, ambaye sasa ni dereva wa malori, na wa kike, ambaye ni mwalimu.

Hapa ndipo shemeji yangu, mume wa marehemu, aliponiambia niende moja kwa moja kwenye ugonjwa. Alikuwa na nia njema. Kuhusu mdogo wa marehemu alisema, "Andika tu 'ndugu na jamaa', yaishe. Hata yeye amechoka." Nilimwelewa. Ila nilikuwa nimetumwa na marehemu mwenyewe, naye shemeji nilipomweleza akasema sawa.

Mama yao alifariki mwaka 2012. Aliugua muda mrefu, na aliyekuwa naye usiku na mchana ni mdogo mtu, mshonaji. Aliihamishia cherehani chumbani kwa mama, akashona kwa mguu mmoja na kuinuka kwa mwingine. Ili mama atibiwe, kipande chao cha shamba kiliuzwa, na aliyetia saini ni yeye, kwa idhini ya wote. Lakini watu hawakosi la kusema, na walikuwa wameshaanza kunong'ona. Mama alipofariki, Bi Nukta ndiye aliyeandaa programu. Mimi nilikuwa nimesafiri kwa mwanangu. Alikuwa hajalala siku kadhaa, akasoma prufu peke yake, kinyume cha sheria yake mwenyewe. Mwishoni ilitakiwa isomeke kwamba mama ameacha mtoto mkubwa, na mdogo "aliyemuuguza hadi mwisho." Herufi mbili zilianguka, g na u. Ikachapwa "aliyemuuza hadi mwisho."

Mjomba wao, ambaye ni mtu wa kusoma chochote kilicho mbele yake, akalisoma lilivyo, kwa sauti, kaburini, mbele ya watu wote. Wapo mliokuwepo. Wapo mliocheka kidogo, na wapo mliotazamana.

Mdogo wake hakupiga kelele. Alimfuata dada yake wakiwa bado na udongo mikononi, akamwambia, "Wewe ndiye usiyeacha kosa likapita. Hili limepitaje?" Bi Nukta hakujibu. Angesema ameteleza, nani angemwamini? Mtu aliyeona nukta iliyokosekana kwenye kalenda ya mwaka mzima asione neno zima juu ya mama yake? Sifa yake yenyewe ndiyo iliyomfunga. Na kusema kweli, kusema "nimekosea" alikuwa hajazoea, hakuwahi kulazimika. Alisubiri akasirikiwe kidogo halafu ipite. Haikupita. Miaka kumi na mmoja hawakusemezana, mitaa miwili kati yao.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2021. Daktari alisema ni makovu kwenye mapafu, ya kutuliza tu, si ya kuponya. Tuliendelea kutembea, polepole, tukipumzika kwenye ngazi za maduka ya watu. Siku moja tulipofika kwenye ule ukuta wetu akashindwa kubana. Akakohoa pale hadi akaushika ukuta. Alipopata pumzi akasema, "Nitakununulia chai." Chai alininunulia, na hatukurudi tena njia ile.

Mwezi uliopita nilimkuta ameegemea mito, bomba la hewa puani. Akaniambia, "Wasifu wangu usiusome peke yako."

Nikamwambia, "Nitausoma na nani, na wewe ndiye utakuwa umekufa?"

"Kausome na mdogo wangu."

"Hatakuja."

"Nani amesema aje? Nenda wewe. Mpe prufu, wewe usome, yeye afuate. Lile neno uliweke, na liwe kamili."

Nikamuuliza kwa nini asimwite mwenyewe, angali na sauti. Akasema, "Nikisema mimi, atasikia dada anajitetea. Nataka aone maandishi." Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake: "Nilikosea. Nilikuwa na usingizi, nikakosea. Hakuna zaidi ya hapo."

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa nane mchana, chumbani kwake. Mume wake alikuwa anamsomea gazeti. Anasema alimkatiza mara moja kumrekebisha matamshi, na baadaye hakumkatiza tena.

Alhamisi nilikwenda kwa mdogo wake. Ni chumba cha mbele chenye cherehani mbili na sare za shule zinazoning'inia mpaka mlangoni. Habari alikuwa nazo. Hakusimama, mguu wake uliendelea kukanyaga.

"Umeleta nini?"

"Prufu."

"Weka hapo nitaisoma."

"Haisomwi hivyo," nikamwambia. "Nasoma mimi, wewe unafuata kwa kidole. Sentensi ikiwa sawa unasema ipo."

"Kumbe hata akifa ana sheria."

"Ndivyo alivyotaka."

Nilidhani atanifukuza, na magoti yangu yalikuwa yananiuma, ningeondoka kwa shukrani. Akasimamisha cherehani. Akasukuma sare pembeni, akachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, kwa kuwa penseli haikuwepo. Tukaanza. Kwenye kuzaliwa akanisimamisha. "Hapo umeandika jina la Nukta alipewa kiwandani. Si kweli. Mimi ndiye niliyempa." Akanisimulia lile la tusi, akacheka hadi akajishika ubavu, kisha kicheko kikageuka kilio, nikamngoja. Akafuta kwa chaki, akaandika juu yake. Shule, ipo. Kazi, ipo. Kwenye bucha alisema ipo huku akipangusa pua.

Tulipofika kwenye mazishi ya mama yao hakuitikia chochote. Nilisoma mpaka pale dada yake aliposema amekosea. Akauliza bila kuniangalia, "Alisema hivyo kweli? Usingizi?"

"Alisema hivyo."

"Miaka yote hii," akasema, "kumbe ni usingizi." Akapangusa vumbi la chaki kidoleni. "Na mimi sikumuuliza mara ya pili."

Ulibaki mstari wa mwisho, huu ninaofika sasa. Nikamsomea polepole, nikilikata lile neno silabi kwa silabi kama tulivyofanya kazini: a-li-ye-mu-u-gu-za. Kidole chake kikasimama penye gu. Akakibonyeza pale kana kwamba herufi zingeweza kukimbia.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Ipo."

Leo amekaa pale mbele, karibu na shemeji yake. Hakuna aliyemleta, amekuja kwa miguu.

Marehemu ameacha mume wake, fundi wa majokofu. Mtoto wa kiume na wa kike. Wajukuu watatu, mmoja wao tayari anabishana. Mimi, mwenzake wa mezani. Na mdogo wake wa pekee, mshonaji, aliyemuuguza mama yao hadi mwisho.

Bi Nukta, ukurasa wako umesomwa na watu wawili. Pumzika sasa, kwa amani.

Nukta.