Majani ya Mwiko Mlangoni pa Khriesalie

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani na ninyi nyote mliopanda mlima kuja kutusindikizia Bibi yetu, mimi ni Ruokuonuo, binti wa mwanawe wa tatu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, na pale ambapo hatuna hakika na tarehe nitasema kwamba hatuna hakika.

Marehemu Visakuonuo alizaliwa kijijini hapa mwezi wa Februari 1927, siku za sikukuu ya Sekrenyi, ingawa cheti cha ubatizo kinasema 1929, na sisi tumefuata kauli ya mama yake aliyemzaa. Alisoma shule ya misheni mjini Kohima kuanzia 1936, akaachishwa mwaka 1940 alee wadogo zake, akabaki na mwandiko mzuri na Kihindi cha sokoni.

Tarehe 4 Aprili 1944 askari wa Japani walipofika Kohima, baba yake alikuwa mpagazi katika kambi ya Waingereza, akazingirwa humo pamoja nao, na mpunga wa ukoo ukakusanywa nyumbani kwa baba yake mkubwa, Khriesalie, ukisubiri kufichwa msituni. Asubuhi moja ya juma lile, watu wazima wakiwa njiani na mizigo ya kwanza, askari walionekana wakipanda ngazi za kijiji na mkalimani Mhindi, na Bibi, msichana wa miaka kumi na saba, akakata majani mabichi akayafunga mlangoni pa Khriesalie, kama inavyofanywa nyumba inapokuwa katika penie, siku ya mwiko, ilhali mwiko hutangazwa na mzee wa matambiko peke yake, na siku ile haukutangazwa. Alisimama kizingitini akamwambia mkalimani, "Mwambie bwana wako, mgeni akiingia humu leo, mwenye nyumba haoni mavuno," mkalimani akacheka akamwuliza, "Mbona wewe umo?" naye akajibu, "Mimi ni wa humu, mgeni ni wewe, na viatu vyako vinanuka." Siku zile za mwanzo askari walikuwa wameamriwa wasituudhi, kwa hiyo waligeuka wakaenda zao, na waliporudi kuchukua kwa nguvu hawakukuta hata punje.

Tarehe 19 Mei kipande cha kombora kilimpata Khriesalie kwenye matuta yake ya mpunga, akafa kabla ya mavuno, na mjane wake, Pelekhono, akamwambia Bibi mbele ya maiti, "Mdomo wako ndio uliomtaja." Neno kama hilo likishasemwa, sisi tunajua kinachofuata, nyumba hizo mbili hazikula tena chakula cha moto mmoja.

Vitabu nilivyosoma chuo kikuu vinataja Midway, El Alamein, Stalingrad, na mlima wetu huu, kuwa mahali vita vilipogeukia, vinaeleza jinsi barabara ya Imphal ilivyofunguliwa tarehe 22 Juni 1944 na jeshi la Japani likarudi Burma likifa njaa njiani, nami niliwahi kumwuliza Bibi ni siku gani hasa vita viligeuka. Alisema, "Askari mwenye njaa hugeuka mwenyewe, usihangaike na tarehe," kisha akaongeza, "Mimi nilitaka mpunga tu, mjukuu wangu, sikutaka baba mkubwa afe."

Aliolewa na marehemu Babu Neisalhou, msimamizi wa ujenzi wa barabara, tarehe 19 Januari 1949, na watu wa Pelekhono walihudhuria kama ukoo unavyotaka, lakini walikaa uani na kula wali waliokuja nao umefungwa kwenye majani. Walijaliwa watoto watano, wanne wako hapa, na kwa miaka thelathini na moja Bibi alifundisha wanawake wa kanisa kufuma shali, akiwafumulia wazembe kazi nzima kwa sababu ya uzi mmoja. Kila Sekrenyi alituma mtu kuwaalika watu wa Khriesalie, kila mara jibu lilikuwa asante, wameshiba, na Pelekhono alipofariki mwaka 1981 alimwachia mwanawe, Babu Vilezo, agizo la kutokula pamoja nasi.

Moyo wake ulianza kudhoofika Agosti mwaka jana, akalazwa mjini tarehe 22 Februari mwaka huu wa 2016. Tarehe 8 Machi Babu Vilezo aliingia wodini na bakuli la galho, uji wa wali na nyama uliopikwa jikoni kwake, Bibi akamwambia, "Vilezo, mama yako atakusikia," naye akasema, "Mama amelala, Dada. Mpunga ule ndio ulionikuza, nilikuwa na miaka minne. Kula kabla haujapoa." Alikula, akasema chumvi haitoshi, Babu Vilezo akasema wagonjwa wote ndivyo wanavyosema, akamlisha mpaka bakuli likaisha. Alifariki jana, Ijumaa tarehe 11 Machi, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta kuni na nguruwe, wafumaji wenzake waliomvika shali hii, na vijana wa nyumba ya Khriesalie, waliochimba kaburi bila kuombwa.

Bibi, umekula kwa Khriesalie, sasa pumzika.